Walivyomsogezea Mama Haki

Kwa miaka mitano mama yangu alipanda ngazi za korti kubwa ya mjini akiwa amevaa gauni lilelile la buluu, na kwa miaka hiyohiyo mjomba alizipanda dakika chache kabla yake, ili mtu asije akadhani amemfuata. Walikuwa ndugu wa tumbo moja. Mama alikuwa akiishi nami mtaa wa Tassia, Nairobi, kwenye orofa ya nne ya jengo ambalo lifti yake ilijengwa kwenye mchoro tu. Mjomba alikuwa akiishi mtaa wa Lucky Summer, katika nyumba aliyojijengea kabla hajastaafu ufundi wa mabomba. Kutoka kwa kila mmoja wao hadi kortini ulikuwa mwendo wa asubuhi moja, msongamano ukiwa ndani yake. Nautaja umbali huo mapema kwa sababu wakubwa walikuja kugundua kwamba wananchi wanateseka kuifuata haki mbali, wakaamua kutuonea huruma.

Kesi yenyewe ilihusu ploti. Babu alikuwa mfanyakazi wa reli, na watoto wake wawili, mjomba na mama, alikuwa amewalea katika nyumba za reli kule Makongeni. Alipostaafu alinunua ploti katika mji mdogo wenye joto ulio njiani kuelekea Mombasa, akajenga nyumba ya vyumba viwili, akachimba kisima, kisha miaka kadhaa baadaye akaugua kabla hata hajamaliza kusifia maji yake. Mjomba alisema kwamba baba yao, akiwa kitandani hospitalini, alimwambia ploti ni yake. Mama alisema kwamba wiki hiyohiyo, kwenye kitanda hichohicho, baba yao alimwambia ni ya wote wawili. Inaonekana babu alikuwa mgonjwa mkarimu, aliyempa kila mgeni maneno ya kwenda nayo nyumbani.

Hakimu aliyeisikiliza kesi mwanzo aliamua wagawane nusu kwa nusu. Mjomba akakata rufaa. Tangu siku hiyo mama aliacha kumwita kaka. Nyumbani kwetu aliitwa mrufani. "Mrufani amenenepa," mama alikuwa akisema akirudi kortini, akivua viatu mlangoni. Nasikia huko Lucky Summer naye aliitwa mjibu rufaa, hata wakati wa kuombea chakula. Mchungaji alijaribu kuwapatanisha, akanywa chai katika nyumba zote mbili, akagundua kwamba ana wagonjwa wengi wa kutembelea.

Rufaa ilipofika korti kubwa ilianza kuahirishwa. Mara jaji yuko likizoni, mara jaji amehamishwa, mara jaji yuko kwenye semina ya kujadili namna ya kupunguza mrundiko wa kesi. Mama alizoea. Aliijua ile baraza vizuri kuliko sebule yetu: benchi la kulia ndilo lake, la kushoto la mrufani, na katikati nilikaa mimi siku ambazo mwalimu mkuu wangu alikubali kuniruhusu. Nafundisha Kiswahili katika shule ya upili iliyo ukingoni mwa Mathare, na mwalimu mkuu alikuwa ameshaanza kuniuliza kama kesi hiyo ina mtaala wake.

Kisha asubuhi moja tukakuta tangazo limebandikwa mlangoni mwa ofisi ya makarani. Lilikuwa refu na lenye furaha nyingi. Lilieleza kwamba vikao vya majaji wa rufaa vimepangwa upya, kwamba majaji sasa watakaa kwa zamu katika vituo vipya nje ya jiji, na kwamba yote haya yanafanywa ili haki isogee karibu na mwananchi. Nililisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa sababu ya habari na mara ya pili kwa sababu ya upatanisho wa ngeli, ambao ungenifanya nimrudishie mwanafunzi karatasi bila alama.

Mama akaingia kuulizia kesi yake. Karani aliyekuwa zamu alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye tai nyembamba na moyo mwema. Alitafuta kwenye kompyuta, akatabasamu kama mtu mwenye zawadi mkononi.

"Mathee, hii yenu imehama," alisema.

Mama akauliza imehamia wapi. Kijana akataja ule mji wa joto, wa ploti.

"Kwa nini?"

"Ndiyo iwe karibu na wananchi."

Mama alifikiri kidogo. Hakuwa mtu wa kupaza sauti katika ofisi za watu. "Wananchi wa kesi hii ni mimi na yule," alisema, akimwonyesha mjomba kwa kidevu. "Mimi natoka Tassia, yule anatoka Lucky Summer. Kuna mwingine?"

Kijana alimweleza kwa upole kwamba utaratibu mpya haufuati watu bali unafuata mali. "Ploti iko kule, mathee. Sasa haki nayo inaenda pale ploti iko."

Ndipo tukaelewa. Hakuna aliyekuwa amemsogezea mama haki. Ilikuwa imesogezwa karibu na ploti. Ploti yenyewe, kwa kadiri nijuavyo, haikuwahi kulalamika kuhusu nauli. Mjomba, aliyekuwa amesimama nyuma yetu akijifanya anasoma tangazo, alitoa kicheko kifupi puani. Mama naye mdomo ulimcheza, kisha akakumbuka ni nani aliyecheka, akaufunga.

Watu wa kwanza kunufaika na huruma hiyo walikuwa mawakili. Wakili wa mama aliandika barua yenye heshima tele, akieleza kwamba shughuli zake zote ziko Nairobi na kwamba anamtakia mteja wake kila la heri katika kituo kipya. Wakili wa mjomba hakuandika chochote. Aliacha tu kushika simu. Kwa hiyo ndugu wawili waliozidi miaka sitini, mmoja fundi mabomba na mwingine mshonaji wa sare za shule, wakawa mawakili wao wenyewe. Nilimsaidia mama kupanga karatasi zake kwenye faili la plastiki. Mjomba alizipanga zake kwenye mfuko uliokuwa wa mchele.

Tarehe ya kwanza katika kituo kipya ilitajwa kuwa saa tatu asubuhi. Basi moja tu ndilo lingeweza kutufikisha kwa wakati, na tulipofika kwenye ofisi ya tiketi kabla jua halijatoka tulimkuta mjomba ameketi kwenye benchi, koti lake la kesi limefungwa vifungo vyote. Mama alisimama mlangoni. Nadhani hakuwa amefikiria jambo hilo, kwamba mtu akihamishiwa kesi anahamishiwa adui yake pia.

Nilikaa katikati yao, kama kawaida yangu. Tulikuwa tumeshavuka mji wa Mlolongo mama aliponigusa goti.

"Muulize mrufani kama amebeba dawa zake za presha."

Mjomba alikuwa sentimita chache tu kutoka kwake. Nilimuuliza.

"Mwambie mjibu rufaa nimebeba," alisema mjomba, akiangalia dirishani. Baada ya muda akaongeza, "Mwambie ahsante."

Nikamwambia. Kwa saa nne nilifanya kazi hiyo ya ukarani bila kuapishwa.

Kituo kipya cha haki kilikuwa ghala la zamani la chama cha ushirika, lililopakwa rangi krimu hadi usawa wa mkono wa fundi na kuachwa hapo. Kibao cha nje kilikuwa kikubwa kuliko mlango. Ndani kulikuwa na jukwaa jipya la mbao, viti vitatu virefu vya majaji vikiwa bado vimevishwa nailoni, na harufu ya magunia ambayo rangi haikuweza kuishinda. Karani wa pale alikuwa mzee mstaarabu mwenye miwani. Alitukaribisha kwa mikono miwili kama wageni wa harusi. Alituuliza kama safari ilikuwa njema, akatupa maji, ndipo akatueleza kwamba majaji hawapo. Wiki hiyo walikuwa wameitwa katika kituo kingine, ambako pia haki ilikuwa inasogezwa karibu.

Mjomba akauliza kama basi tunaweza angalau kupewa tarehe.

Karani akasema angependa sana, lakini tarehe huandikwa kwenye faili, na faili letu bado liko Nairobi. Mafaili yote yalikuwa yamefungwa kwenye makatoni yakisubiri lori.

Sikujua nimtazame nani. Faili, lililotakiwa kuhama, lilikuwa limebaki Nairobi pale pale karibu na kwetu. Sisi ambao hakuna aliyetuambia tuhame ndio tuliokuwa tumefika. Karani alitupa kitabu cha wageni tutie saini, nacho kilikuwa na safu ya maoni. Mjomba aliandika sentensi ndefu iliyovuka mstari. Mama aliandika "Nimefika," akarudisha kalamu.

Basi la kurudi lilikuwa la alasiri, na jua la mji ule halina mzaha na mtu aliyevaa gauni la kortini. Mama ndiye aliyesema twende tukaione ploti. Hakumwalika mjomba, lakini pia hakungoja atangulie, na njia ilikuwa moja. Tukaenda hatua mia mbili tatu hivi, tukawa tumefika. Hapo nilikubali kwamba tangazo halikusema uongo hata kidogo: haki ilikuwa imesogezwa karibu sana na ploti ile. Ungeweza kusimama kisimani ukasikia askari wa korti akiita majina.

Tulichokikuta kwenye kona ya ploti ni kibanda cha turubai, jenereta ndogo na mashine ya fotokopi. Mwanamke wa makamo alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki akijipepea kwa jalada la faili. Kwenye kadibodi alikuwa ameandika kwamba anachapa hati za kiapo, anapiga picha za pasipoti na anauza soda baridi. Alituuliza kama tunataka kopi.

Mjomba alimuuliza ni nani aliyempa mahali hapo.

"Hakuna," alisema yule mwanamke bila wasiwasi. "Niliuliza nikaambiwa hiki kiwanja kina kesi, kwa hiyo hakina mwenyewe."

"Kina mwenyewe," walisema mama na mjomba kwa pamoja.

Yule mwanamke akawatazama mmoja baada ya mwingine. "Ni yupi?"

Jenereta ilinguruma. Hatimaye mjomba alisema kwamba wanasubiri jaji, na yule mwanamke akaitikia kwa kichwa kwa heshima, kama mtu aliyeambiwa kwamba mnasubiri mvua, akatufungulia soda.

Nyumba ya babu ilikuwa imebaki kuta. Mbuzi wa jirani walikuwa wamekifanya chumba kimoja chao, nao walitutazama kama wapangaji wenye mkataba. Kisima kilikuwa kimefunikwa bati na mawe. Mjomba aliondoa jiwe moja, akainua bati kidogo, akachungulia. Akasema kwamba yeye na baba yao walichimba futi thelathini kwa mikono. Alikuwa anazungumza nami. Mama naye akaniambia kwamba huenda wao walichimba, lakini aliyebeba udongo kwa karai hadi kule barabarani ni yeye, likizo nzima, na nywele zake zilikuwa nyekundu hadi shule ilipofunguliwa. Mjomba akasema karai ziligawanywa sawa. Mama akasema hapana. Wakabishana juu ya hizo karai kwa muda mrefu, kwa ukali, wakitazamana usoni. Nilirudi nyuma hatua mbili na hakuna aliyeona. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kuwasikia wakigombana bila kupitia kwa mtu.

Kabla ya kuondoka mama aliamua kwamba, kwa kuwa amefika, atoe nakala za hati zake kwa mwenye kibanda, ziwe tayari faili likipata lori. Mjomba akaona vyema naye atoe zake. Upepo wa pale huvuma chini chini, ukiwa na vumbi, na karatasi za mama zikaruka mezani. Tulizikimbilia sote. Mjomba alikanyaga moja kwa kiatu, akainama taratibu kwa sababu ya mgongo, akaiokota. Hakuirudisha mara moja. Aliisoma.

"Hapa umeandika mimi ni mchoyo," alisema.

"Aliyeandika ni wakili."

"Saini ni yako."

Mama alimnyang'anya karatasi, lakini si kwa nguvu. Aliipangusa vumbi la kiatu kwa kiganja, akairudisha kwenye faili, akalifunga kwa lastiki. Hakusema alikosea. Mama yangu si wa kusema hivyo. Alisema tu kwamba ile karatasi ilikuwa na kurasa kumi na mbili na wakili alimwambia atie saini kila ukurasa, na kulikuwa na joto. Mjomba akajibu kwamba hata zake zina mambo ambayo hakuyasoma vizuri. Safari ya kurudi mama alilala akiegemea kioo, na mjomba akaniuliza habari za shule yangu kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe.

Tulikwenda huko mara mbili zaidi. Mara ya kwanza faili lilikuwa limefika nusu. Juzuu ya pili ilikuwa imeteremshwa katika mji mwingine. Mara ya pili faili lilikuwa kamili lakini majaji walikuwa wamekuja wiki iliyotangulia, wakalisubiri, wakaondoka. Mwalimu mkuu wangu sasa alikuwa akiniandikia ruhusa bila kuinua kichwa. Mama na mjomba waliacha kunituma. Walizungumza wenyewe kwa wenyewe, mambo ya presha na magoti na bei ya mafuta ya kupikia, na walipofika mlangoni mwa ghala kila mmoja alienda kwenye upande wake wa benchi, akawa mrufani, akawa mjibu rufaa.

Kisha wakubwa wakatuonea huruma kwa mara nyingine. Ujumbe uliingia kwenye simu yangu ukisema kwamba, ili kuwapunguzia wananchi gharama za safari, rufaa yetu itasikilizwa kwa video. Niliupokea nikiwa darasani na nikacheka hadi wanafunzi wakadhani kuna kosa kwenye sentensi ubaoni. Jioni nilimpigia yule karani mstaarabu anifafanulie. Alinieleza kwamba jaji atakuwa Nairobi, katika jengo letu la zamani, kwa sababu huko ndiko kuna mtandao mzuri. Yeye karani atakuwa kule ghalani pamoja na faili. Sisi tutakuwa popote tulipo.

Mama aliichukua simu mkononi mwangu. Aliuliza kwa adabu kama, kwa kuwa jaji yuko Nairobi na yeye yuko Nairobi, hawezi kupanda tu ngazi zile alizozizoea akasimama mbele yake.

"Hapana, mama," alisema karani, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesikitika kweli. "Ukienda pale utakuwa umeenda kituo kisicho chako."

Mjomba alikuwa na simu ya vibonyezo, ile isiyojua video ni nini. Alinipigia siku mbili kabla ya kesi. Alizungukazunguka, akaulizia mvua ya Tassia, ndipo akasema, "Mwambie mama yako naomba nije huko." Nilimwambia mama. Asubuhi yake akafua mapazia.

Siku yenyewe nilimsikia mjomba akipanda. Alipumzika kwenye kila orofa, na kila alipopumzika mama aliacha alichokuwa akikifanya, akasikiliza, akaendelea pumzi zilipoanza kusogea tena. Alipogonga, mama alimfungulia na kumwonyesha kiti. Chai ilikuwa tayari kwenye chupa, mandazi yamefunikwa kitambaa, lakini alimwambia wazi kwamba havitaguswa hadi kesi iishe, kwa kuwa hawezi kumlisha mtu anayekuja kumshitaki. Mjomba alisema hilo ni sawa kabisa.

Tuliegemeza simu yangu kwenye mkebe wa sukari. Wote wawili waliketi mbele yake, bega kwa bega, maana kamera ilikuwa nyembamba na meza yetu ni ndogo. Jaji alitokea, mwanamke mwenye nywele fupi za mvi, na kwenye kisanduku cha pembeni alikuwa karani wetu, karatasi zikimpeperuka mbele ya feni. Jaji alianza kwa Kiingereza cha korti. Alipoona jinsi mjomba anavyoinamia simu, akahamia Kiswahili bila kuombwa, nami nikampenda papo hapo.

Mjomba alisimama kusoma hoja zake, kwa sababu hakuwahi kuzungumza na jaji akiwa ameketi. Kichwa chake kikatoka kwenye picha. Mama akachukua simu, akaiinua hadi usawa wa uso wa mjomba.

"Naona mkono," alisema jaji. "Huo ni mkono wa nani?"

"Wangu, mheshimiwa," alisema mama kutoka nje ya picha.

"Wewe ni nani?"

"Mjibu rufaa."

Karani alivua miwani.

"Mnaishi pamoja?" aliuliza jaji.

"Hapana, mheshimiwa. Amekuja kesi tu."

Jaji aliandika kitu, akamwambia mjomba aendelee. Mjomba alisoma vizuri kuhusu ploti, mwaka ilionunuliwa, nani alilipia mabati. Alipofika kwenye habari za hospitali alifunua ukurasa, akaurudisha, akafunua tena. Sijui kama karatasi ilikosekana au ni macho. Ndege ilipita juu yetu kuelekea uwanjani, kama zinavyopita Tassia kutwa, na sote tukaingoja iishe. Ilipoisha mjomba bado alikuwa akifunua na kurudisha ukurasa uleule. Mkono wa mama ulioshika simu ulikuwa umechoka, akausaidia kwa mwingine.

"Mheshimiwa," alisema mama, "anachotaka kusema ni kwamba yeye ndiye aliyelala sakafuni pale wodini, usiku kumi na moja. Mimi nilikuwa na watoto wadogo, nilikuwa nakuja mchana. Usiku alikuwa yeye. Na baba alimwambia, pale nyumbani patakuwa pako. Hayo ya kulala ni kweli, niliyaona. Hayo ya baba, akisema aliambiwa, basi aliambiwa. Kaka yangu hatungi maneno."

Jaji alimwacha amalize. Kisha akamuuliza kama anajua kwamba anaieleza rufaa ya mpinzani wake.

"Najua, mheshimiwa. Zamu yangu ikifika nitaijibu."

Na aliijibu. Alimpa mjomba simu aishike, akasimama, akanyosha lile gauni la buluu, akasema kwamba nyumbani maana yake si ploti, kwamba baba yao akisema nyumbani alimaanisha Makongeni hadi siku anakufa, na kwamba mtu aliyebeba karai za udongo wa kisima hawezi kuambiwa kisima si chake. Mjomba aliishika simu imara kabisa. Ilipofika habari ya karai alitikisa kichwa kukataa, lakini hakuitikisa simu.

Tulikunywa chai. Mandazi yalikuwa yamepoa na mjomba alikula manne.

Hukumu ilikuja wiki kadhaa baadaye, ikaingia kwenye barua pepe yangu, kwa sababu nilikuwa nimeandikishwa kuwa anwani ya pande zote mbili. Rufaa ilikuwa imetupwa. Ploti igawanywe nusu kwa nusu, kama alivyosema yule hakimu wa mwanzo. Korti zilizopangwa na kupangwa upya, safari tatu za ghalani, faili la juzuu mbili na lori lake, vyote vilikuwa vimetupeleka kwa uangalifu mkubwa hadi pale tulipokuwa tumesimama. Nilimpigia mjomba. Alisema, "Sawa," akakata.

Mama alikuwa ameshinda. Nilidhani atafurahi, lakini alizunguka nyumbani siku kadhaa kama mtu aliyepoteza funguo. Alikuwa amejiandaa kushindwa, akaniambia; maneno ya kumwambia kaka yake akishindwa alikuwa nayo, ya akishinda hakuwa nayo. Mjomba hakupiga simu kwa karibu miezi miwili. Mama naye hakumpigia, ila kila jioni aliniuliza kama kuna mtu aliyepiga.

Alipopiga, alimpigia mama mwenyewe. Alitaka kuuza nusu yake. Tangu korti ihamie pale, bei za viwanja zilikuwa zimepanda, na wakili mmoja alitaka kuweka ofisi hatua mia mbili kutoka mlangoni mwa korti. Hapo ndipo nilipomjua mwananchi ambaye haki ilikuwa imesogezwa karibu naye. Mjomba alisema anamtanguliza mama, kama anaitaka yeye kwanza. Mama hakuwa na uwezo wa kuinunua, akamwambia hivyo. Akamwambia pia kwamba inamuuma. Mjomba akasema hata yeye, lakini nyumba ya Lucky Summer inavuja.

Nilikwenda nao siku ya kutia saini, ilikuwa likizo fupi. Fomu ilihitaji shahidi wa muuzaji, na mjomba akamgeukia mama kana kwamba jambo hilo lilikuwa limeshapangwa zamani. Mama alivaa miwani, akaisoma fomu yote, kurasa zote, huku yule mnunuzi akitazama saa yake. Kisha akaandika jina lake, na palipouliza uhusiano akaandika dada.

Baadaye tulikula katika hoteli ndogo karibu na kituo cha basi. Mjomba alilalamika kwamba maharagwe hayajaiva. Mama alimwambia hajawahi kukutana na maharagwe yaliyoiva tangu azaliwe, na kwamba mama yao alikuwa akiyachemsha mara mbili kwa ajili yake tu. Mjomba akasema hiyo si kweli. Nilitoa insha za wanafunzi kwenye mkoba nikaanza kusahihisha.